Kisigino cha Risasi

Nilikuwa nimeshaifunga kwenye taya za mashine.

Ilikuwa Jumamosi jioni, karakana yetu ya Kizota, hapa Dodoma, imeanza kupoa, vijana wananawa mikono kwa sabuni ya unga wawahi mpira. Mteja mmoja wa Mtera, anayevua kule bwawani, alikuwa ameniagiza kalibu, kile chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka yapate umbo, ya kusubia chubwi, yaani vizito vya nyavu. Kazi ndogo. Vyuma vya kuanzia upya nilikuwa navyo, lakini nikakumbuka kwamba chini ya meza, kwenye boksi la spana zisizotumika, kulikuwa na kalibu kuukuu ya babu mzaa baba. Nikaona nitanue tundu lake tu, kazi ya dakika ishirini, na Jumatatu mteja aondoke nayo.

Ina umbo la koleo. Mikono miwili ya chuma, kichwani vipande viwili vinavyofumbana, na juu yake kibamba chembamba kinachozunguka kwenye pini ili kukata mkia wa risasi unaobaki mdomoni. Ndani kuna tundu moja lenye umbo la ncha ya kidole.

Tundu lile lilikuwa na kasoro, au ndivyo nilivyoona. Mdomoni lilikuwa jembamba, halafu likipanuka ghafla, kama ngazi moja. Nikadhani aliyelichonga alibadilisha kifaa katikati ya kazi akakosea kipimo. Nikatafuta biti ya kulisawazisha, nikaifunga, nikaweka mkono kwenye swichi.

Sijui mikono ya mafundi wengine ikoje. Wangu hauwashi mashine kabla ya ukucha kupita mahali nitakapokata. Nikapitisha ukucha kwenye ile ngazi.

Ilikuwa sawa mzunguko mzima. Ukingo wake mkali, safi, umekatwa kwa mara moja na mtu aliyejua anakomea wapi.

Kosa halina ukingo mzuri namna ile.

Nikazima taa, nikaifungua kalibu kwenye taya, nikaenda nayo nyumbani mfukoni. Hiyo ni wiki saba zilizopita, na tangu siku hiyo sijalala vizuri kwa sababu ya ngazi ambayo unene wake hauzidi ukucha wangu.

Nta

Jambo la kwanza nilitaka kuona kinachotoka humo. Sikutumia risasi. Nilichukua nta ya nyuki, ile ya Manyoni ambayo mke wangu huinunua kwa kupaka uzi wa kushonea, nikaiyeyusha kwenye kopo, nikapasha kalibu kidogo, nikamimina.

Hapa ndipo lugha yetu inaponifurahisha na kunichanganya kwa pamoja. Risasi ni ile madini laini, nzito, ya kijivu. Risasi pia ni kile kinachotoka mtutuni. Neno moja, kwa sababu kwa karne nyingi vilikuwa kitu kimoja: uliyeyusha risasi ukapata risasi. Na kazi yenyewe ina jina lake zuri ambalo vijana wangu hawalijui tena, kusubu. Wao husema kumimina. Babu alikuwa akisubu.

Nta ilipopoa nikafumbua. Kikadondoka kiganjani kitu kidogo cha manjano: ncha ya mviringo, ubavu wenye mifereji myembamba inayozunguka, halafu karibu na kitako ile ngazi, na chini ya ngazi sehemu nyembamba iliyonyooka. Nikakisimamisha mezani. Kikasimama wima, kimetulia kwenye kile kitako chembamba.

Mwanangu wa mwisho akakitazama akasema, "Baba, kimevaa kiatu chenye kisigino."

Nikakereza vijiti vya chuma vya kupimia, maana nta husinyaa na haiaminiki. Ubavu, milimita nane na kidogo. Kisigino, saba nukta nane na kitu. Tofauti ya kama theluthi moja ya milimita. Na pembeni mwa kalibu, chini ya kutu, palikuwa na tarakimu zilizogongwa kwa mkono: 310.

Miaka yote nilidhani ni namba ya kifaa. Safari hii, kwa kuwa nilikuwa na kipimo mkononi, nikafanya hesabu tunayoifanya kila tunapoletewa mtambo wa Kiingereza. Thau moja, yaani sehemu ya elfu ya inchi, ni milimita 0.0254. Zidisha kwa 310. Unapata 7.87.

Kumbe ni kipimo, na kisigino kilikuwa kinakikaribia.

Gobore halivai kiatu

Kwenye ukoo wetu hadithi ya babu inajulikana na kila mtu. Alikuwa mwindaji. Alikuwa na gobore. Alipambana na chui kule upande wa Mpwapwa, akabaki na makovu mkono wa kushoto. Marehemu baba aliisimulia kwenye kila msiba na kila harusi, na mimi nimewasimulia wanangu kama nilivyoipokea.

Lakini gobore ni mtutu laini ndani. Unamimina baruti kwa mbele, unashindilia, unatia goroli, unashindilia tena. Goroli ni ya duara. Haihitaji ncha, mifereji wala kisigino. Na kwamba babu zetu walibaki na magobore wakati dunia ilikuwa imeshahamia kwenye bunduki za kujaza kwa nyuma halikuwa jambo la bahati tu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki zenye mitaro mtutuni, ile inayoizungusha risasi, na silaha nyingine za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka 22 kusini, na ukaacha upenyo kwa bunduki za gumegume zisizo na mitaro na baruti ya kawaida. Mababu waliachiwa kile ambacho wakubwa hawakukiogopa.

Kwa hiyo kalibu hii haikuwa ya gobore.

Nilikaa na sentensi hiyo siku nyingi kabla ya kuisema kwa sauti. Kalibu ya bunduki ya mitaro, nyumbani kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na bunduki ya mitaro. Ilikuwa ya nani? Na ilikuwa inafanya nini mikononi mwake?

Jibu la Perth

Binamu yangu anaishi Perth, Australia, mwaka wa kumi na moja sasa. Nikamtumia picha za kile kitu cha nta na vipimo, nikamwuliza kama kuna mtu kule anayeelewa mambo haya. Kule mwenye leseni ya bunduki anaruhusiwa kujaza risasi zake mwenyewe, na kuna wazee wanaoishi kwa hilo kama wazee wetu wanavyoishi kwa bao. Baada ya siku nne akanipigia kwa video, pembeni yake ameketi mzee mmoja mwenye nywele nyeupe na mikono ya fundi. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ni fundi. Aliinua kalibu yake kwenye kamera akaipitisha ukucha.

Binamu akatafsiri.

Hiyo 310, alisema, ni risasi iliyobuniwa na Greener, mtengeneza bunduki wa Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Ni ya bunduki ndogo iitwayo Martini Cadet. Mwaka 1911 Australia ilianza mafunzo ya lazima ya kijeshi kwa wavulana, na bunduki ya askari mzima ilikuwa nzito na yenye teke kali kwa bega la mtoto. Wakaagiza kutoka Uingereza bunduki ndogo hii, inayofunguka kwa kushusha mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio, inayopokea risasi moja moja. Baadaye zilipoondolewa jeshini ziliuzwa kwa raia, zikawa bunduki za mashambani, za sungura na ndege.

Halafu akaeleza kisigino, na hapo nikasogeza kiti.

Risasi nyingi za leo, ile sehemu ya kuruka huingia ndani ya ganda la shaba kama mhogo kwenye gunia: ganda ni pana kuliko kilichomo. Hii ya zamani hairuhusu hivyo. Ubavu wake una upana uleule wa ganda kwa nje. Haiwezi kuzama ndani. Kinachozama ni kisigino peke yake, kile kipande chembamba cha nyuma. Ukikiweka mahali pake, ganda na risasi vinakuwa kitu kimoja kilichonyooka kwa nje, huhisi hata kiungo. Ngazi niliyotaka kuikata ndiyo mahali ambapo mdomo wa ganda unakaa. Unene wa ngazi ni unene wa shaba.

Ningeitanua, kisigino kingekuwa kinene kama ubavu, na risasi isingeingia kwenye ganda lolote duniani.

Mzee akaendelea, na nilimpenda kwa jinsi alivyokuwa haharakishi. Risasi lazima iwe laini, kwa sababu kisigino ni chembamba kuliko mtutu, na moto unapowaka nyuma yake ndio unaokivimbisha mpaka kizibe njia. Ukichanganya madini magumu, moto unapita pembeni na kuilamba risasi. Na kazi ya kubana ganda lishike kisigino ina kifaa chake maalumu. Risasi za kawaida unaisukuma kwa juu ndani ya kibanio na mdomo wa ganda unakunjwa. Hii ukiisukuma hivyo, ubavu wake unagota kwanza. Inabidi kibanio kiumane kutoka pembeni, kama vidole vinavyoshika shingo ya chupa.

Kwa mkereza vyuma hii ni raha tupu. Tatizo limekaa kwenye sehemu ya tatu ya milimita, na mtu mmoja miaka mia moja na ushee iliyopita alilikubali lilivyo badala ya kulikwepa.

Kabla ya kukata simu akamtumia binamu picha ya bunduki yake mwenyewe. Ubavuni mwa chuma, juu ya kifyatulio, kulikuwa na alama imegongwa. Mnyama aliyekaa kwa miguu ya nyuma, mkia mrefu chini. Kangaruu.

Vumbi

Nilimwuliza swali moja tu la mwisho kupitia binamu: kama ilikuwa na akili kiasi hicho, kwa nini iliachwa?

Akajibu kwa neno moja ambalo binamu hakuhitaji kulitafsiri kwa mtu wa Dodoma. Vumbi.

Risasi hupakwa mafuta isiache madini yake mtutuni. Ile mifereji ya ubavuni ndiyo inayobeba mafuta. Kwenye risasi za kisasa za madini matupu mifereji hufichwa ndani ya ganda. Lakini yenye kisigino, ubavu wote uko nje, na mafuta yako nje. Ukiitia mfukoni inashika nyuzi za nguo, na ukiiweka mezani inashika mchanga, halafu mchanga ule unasukumwa kwa kasi ndani ya chuma kilichong'arishwa. Ndiyo maana watengenezaji walipunguza upana wa risasi ili yote izame ndani ya ganda, na visigino vikafa kimoja baada ya kingine. Majina mengine yalibaki nyuma: ile risasi ya bastola iitwayo 38 haina upana wa 38 popote, jina ni la enzi za kisigino. Iliyobaki hai na kuenea dunia nzima ni moja, ile ndogo ya 22 iliyotoka mwaka 1887. Ukiitazama vizuri utaona ganda na risasi vina upana mmoja.

Nilifikiria upepo wetu wa Agosti. Wanaoishi hapa wanajua. Unafunga dirisha, unaziba chini ya mlango kwa kitenge, na asubuhi bado unaandika jina lako mezani kwa kidole. Mtu aliyekuwa akitunza risasi zenye mafuta nje katika upepo huu alihitaji uangalifu wa namna yake.

Hapo nikakumbuka kopo la babu.

Lilikuwa kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, ndani yake kitu kigumu cha manjano chafu kinachonuka kondoo na asali. Bibi alikuwa akitupaka miguuni wakati wa kiangazi nyayo zikipasuka. Lilikuwa la miguu, ndivyo tulivyojua. Nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Nilimtumia binamu ujumbe, akamwuliza mzee, na jibu likarudi kabla sijaweka simu chini: ndiyo, hiyo ni moja ya dawa za zamani za kupaka risasi. Yeye mwenyewe hutumia karibu hivyo hivyo.

Madoa

Sasa niseme lililonisumbua kuliko yote.

Babu alifariki mwaka 1985, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mkono wake wa kushoto naukumbuka vizuri kwa sababu alikuwa akinishikilia nao wakati wa kuninyoa. Makovu yalianzia karibu na kiwiko mpaka kwenye kifundo.

Makucha huacha mistari. Makovu ya babu yalikuwa madoa, madogo, ya duara, yanayong'aa, mengine yameungana.

Mimi ninayo matatu ya namna hiyo. Kila anayeyeyusha risasi kwa muda mrefu anayo. Tone moja la maji likiingia kwenye sufuria ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke hapohapo, na mvuke ule unarusha risasi juu. Hilo ndilo ninalomfundisha kila kijana siku yake ya kwanza, kabla hajashika hata spana: chombo kikavu, mikono mikavu, jasho lifutwe, kazi ifanyike nje, upepo uwe mgongoni usivute moshi wake. Nimeyatazama madoa yangu kila siku kwa miaka ishirini na tano, na sikuwahi kuyaunganisha na mkono ule.

Nilijiuliza mengi usiku. Kama hakukuwa na chui, kulikuwa na nini kingine ambacho hakikuwapo? Je, alikuwa boi wa mtu, na baba aliona aibu kwa niaba yake akamtengenezea chui? Wanangu nimewasimulia kisa hiki. Mdogo alikichora shuleni, chui mwenye madoa na babu mwenye gobore, na mchoro uko ukutani kwetu sebuleni.

Sikuubandua. Lakini kila nilipokula nilikuwa nautazama.

Ganda

Kuna usiku mmoja nilikaa karakana mpaka saa sita. Nilikuwa nimechora ganda lote kwenye karatasi ya grafu: urefu, ukingo wa nyuma, unene wa shaba mdomoni. Kipande cha shaba nilikuwa nacho, kimebaki kwenye kazi ya vali. Mashine ninayo. Kalibu ninayo. Hakuna kipimo kwenye ile karatasi ambacho mikono yangu isingekifikia.

Najua wasomaji wangu baadhi ni mafundi, kwa hiyo nasema wazi nilichohisi. Ilikuwa kama njaa. Kuona kisigino kikiingia mahali pake, kusikia kile kimya cha vitu viwili vinavyotoshana.

Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali, na mimi naona ni sawa. Karakana yangu ina vijana wanne, mkubwa wao ana miaka ishirini na miwili. Wanajifunza kwa kutazama ninachofanya zaidi ya ninachosema. Kama wangenikuta asubuhi na ganda la shaba mezani, wangekuwa wamejifunza jambo ambalo nisingeweza kulifuta.

Nikachana ile karatasi.

Badala yake nikachukua kipande cha mpingo, nikakikereza kufuata vipimo vya kalibu mpaka mwisho. Ncha, mifereji mitatu, ngazi, kisigino. Mpingo unakubali ukingo mkali kama chuma. Asubuhi yake nikaenda stendi.

Kongwa

Shangazi yangu mkubwa anaishi Kongwa. Unashuka Mbande kwenye barabara ya Morogoro, unapanda gari jingine linalokata kuingia ndani. Ana miaka themanini na kitu, macho hayaoni mbali, masikio mazima. Nilimkuta kwenye mkeka chini ya mwarobaini anabangua karanga.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Kaa, ubangue."

Nikakaa, nikabangua. Nilikuwa nimejiapiza kutomwonesha chochote kabla hajasema, maana mzee ukimwonesha kitu anaweza kukubali kwa kukupenda tu. Nikamwuliza kuhusu Wazungu wa karanga.

Watu wa Kongwa hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta, mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa miti, wakitaka kulima karanga kwenye udongo ambao mvua ikikatika unakuwa kama saruji. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 zimekwenda. Shangazi alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa.

"Baba alikuwa kwa Bwana mmoja wa matrekta," alisema. "Si Mwingereza yule. Alitoka Australia, wenzake walikuwa wakimcheka anavyosema."

"Alikuwa na bunduki?"

"Ndogo. Ya kanga na sungura. Baba alimtengenezea risasi, maana Bwana alikuwa hana subira. Zake zilitoka zimekunjamana kama uso wangu huu." Akacheka. "Kalibu ilikuwa haijapata moto. Baba aliipasha kwanza, akaifukiza masizi ya kibatari ndani, halafu akamimina. Zake zilitoka laini. Basi Bwana akamwachia kazi yote ya kusubu. Baruti hakumpa. Baruti alifungia kwenye sanduku lake, akajaza mwenyewe."

Moyo ulikuwa unanienda mbio lakini niliendelea kubangua.

"Bunduki yenyewe unaikumbuka?"

"Ilikuwa na mnyama ubavuni. Kadogo. Mimi nilisema ni sungura amesimama, kaka yangu akasema sungura gani mwenye mkia ule."

Sikusema kitu. Nikatoa simu, nikakuza ile picha ya Perth mpaka alama ikajaza kioo, nikamsogezea karibu na jicho.

"Huyo," alisema. "Umempata wapi?"

Nikamweleza. Kisha nikamwuliza habari ya chui.

Alinyamaza akatikisa ungo. "Baba yako alikuwa hajazaliwa, mwanangu. Ilikuwa masika. Baba alikuwa anasubu chini ya ukingo wa paa, mvua ikaanza, tone likaingia. Nilikuwa karibu, akaweka mkono wake mbele ya uso wangu." Akainua mkono wa kushoto, kiganja nje, akaushikilia hapo. "Haya mambo ya chui waliyaanza watoto wa jirani. Yeye aliwaacha."

Nimejaribu kuandika aya baada ya hiyo mara nyingi, nimezifuta zote.

Mwishowe nikamuuliza yeye alikuwa akifanya nini pale karibu na moto, mtoto wa miaka minane.

"Kuchovya," alisema, kama jambo ambalo kila mtu analijua. "Vidole vya baba vilikuwa vinene. Mafuta yakigusa huku nyuma Bwana anazikataa, haziingii. Mimi nilikuwa nashika kwa kucha."

Akachukua punje ya karanga ungoni, akaibana ncha kwa kucha za kidole gumba na cha shahada, akaishusha hewani, akaipandisha.

Nikaenda jikoni kwa mjukuu wake, tukayeyusha nta niliyokuja nayo. Niliporudi na kopo akanusa akasema haina mafuta ya kondoo, itapasuka ikikauka. Yalikuwepo ndani kwenye chupa, ya kifua. Tukaongeza kijiko. Harufu ikapanda, na mjukuu akasogea nyuma akiziba pua, na mimi nilikuwa na miaka mitano na nyayo zimepasuka.

Nikampa ile ya mpingo.

Aliipapasa kwanza. Ncha, mifereji, kidole kikafika kwenye ngazi kikasimama. Akaigeuza, akaishika kisigino kwa kucha. Mkono wake siku hizi unatetemeka hata akishika kikombe, na ulitetemeka mpaka juu ya kopo. Akaishusha. Akaipandisha, akaacha idondoke kidogo, akaishusha tena, maana inachovywa mara mbili.

Niliinama nitazame. Mafuta yalikuwa yamekomea kwenye ngazi, mzunguko mzima, kisigino kikavu.

Akaisimamisha kwenye kifuniko cha kopo ikauke, akainamia juu yake kuizuia upepo. Kisha akaninyooshea mkono nimpe nyingine.

Nilikuwa nimechonga moja tu.